Shangazi Usukani Anajibu: Paa Lifunguke au Lisifunguke?

Wiki hii sanduku la barua limejaa magari ya milango miwili. Nani kawaroga watu wa Chuga, Arusha yetu hii, sijui, maana lami tuliyonayo tunaigawana na bajaji, mikokoteni na punda wa kwenda mnadani. Lakini mimi ni wa kujibu, si wa kuhoji.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, mhasibu wa kampuni ya utalii, naishi Njiro, sijaoa. Nimedunduliza na sasa nataka kuagiza gari la spoti kutoka Japani. Nimebakiza mawili: Toyota 86, ambayo ni kupee yenye paa lake la bati, na Mazda Roadster la kukunja paa. Marafiki zangu wamegawanyika mpaka wengine hawasalimiani. Nichukue lipi? — Mpenda Upepo, Njiro*

Marahaba, mwanangu. Afadhali hujaoa, maana barua ingekuwa ndefu na isingehusu magari.

Kalenda kwanza. Anayekuuzia gari yuko Yokohama na anajua majira ya Yokohama. Hapa kwetu Machi mpaka Mei ni masika, paa huligusi. Juni mpaka Agosti ni baridi: mji umekaa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wingu linatua Sekei alfajiri na saa tano bado halijanyanyuka. Ukifungua paa utaonekana umevaa koti la mtumba na kofia ya sufu, na hiyo ni starehe gani? Septemba na Oktoba ni vumbi. Udongo wetu umetoka tumboni mwa Mlima Meru, ukikauka ni unga mtupu. Fuatana na fuso la mchanga njia ya Muriet paa likiwa wazi, ukifika watu watajua umetoka mashineni kusaga. Novemba vuli. Desemba unaanza kupata nafuu, na Januari ndiyo jua lenyewe, anga safi, mlima wote nje mpaka kileleni. Bahati mbaya Januari ndiyo mwezi wa ada za wadogo zako, na petroli haikopeshwi.

Kwa hesabu ya paa peke yake, basi, kupee imeshinda. Subiri, hatujamaliza.

Mnabishana juu ya paa wakati ugomvi wa Arusha uko chini. Magari yote mawili tumbo lake liko sentimita 13 hivi kutoka ardhini. Tofali la inchi sita, lile la kujengea ukuta, ukililaza lina sentimita 15. Halipiti. Sasa chukua futi, toka getini kwako jioni, ukapime lile tuta ambalo majirani walilijenga kwa kifusi na saruji iliyobaki msibani au harusini, bila kuomba kibali cha mtu. Fundi wa Unga Limited hatakuuliza gari lina paa gani. Atainama, atapiga tochi ya simu, halafu atakuuliza kama sampo unayo nyingine.

Marafiki zako wa upande wa kupee watakuletea hadithi ya Datsun 240Z, na hadithi ni ya kweli. Gari lile la milango miwili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, enzi ambazo rali ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Celica nazo zikaja baadaye zikabeba vikombe mpaka vikawachosha wapinzani. Gari la kukunja paa halijawahi kushinda hata mara moja. Ila waulize wenzako: 240Z ile ilikuwa imeinuliwa, imevishwa bamba la chuma tumboni, na mafundi wanaisubiri njiani na matairi mapya. Wewe una fundi mmoja, na Jumapili hapokei simu.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo watu wa mji huu mnapaswa kulijua kuliko wengine, kwa kuwa Arusha tunakata mapaa ya magari kwa riziki. Land Cruiser ya utalii inakatwa, inarefushwa, paa linawekewa nguzo za kunyanyukia, na gari linatembea mpaka Serengeti bila kulalamika. Inawezekana kwa sababu Land Cruiser ina chasisi yake chini, bodi imewekwa juu tu. Gari la spoti halina chasisi ya namna hiyo, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukiliondolea paa umeliondolea mfupa mmojawapo, na kiwanda kinalazimika kulirudishia vyuma sakafuni. Linakuwa zito, na kwenye rasta za barabarani usukani na kioo cha mbele vinatetemeka. Kwa hiyo kaa mbali na gari lililozaliwa kupee kisha likachongwa likawa la wazi. Roadster halimo humo. Tangu lilipotoka mwaka 1989 lilichorwa likiwa wazi, halina paa la kulililia.

Ukiletewa gari la kuangalia, fanya hivi: pandisha gurudumu moja tu juu ya ukingo wa barabara, kisha fungua mlango na uufunge. Ukikwama, bodi imepinda. Mshukuru muuzaji, urudi nyumbani na bajaji.

Kodi sitaki kuisema sana, nina presha. Jua tu kwamba ushuru wa forodha ni asilimia 25, gari likifika miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, na VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Kitumie ukiwa umekaa.

Sasa nisikilize vizuri. Toyota 86 ina nguvu za farasi 200. Utazipeleka wapi? Ndani ya mji na vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kutoka Tengeru mpaka Boma Ng'ombe kijiji kimeshikana na kijiji. Ukipona tuta, kuna rasta. Ukipona rasta, kuna afande amekaa nyuma ya mgomba na tochi yake ya kupimia mwendo, na kupigwa tochi ni faini ya shilingi 30,000. Raha ya kupee inaanza pale mwendo unapokuwa kosa. Raha ya gari la wazi inaanza kilomita 30 kwa saa: unasikia harufu ya mahindi ya kuchoma, unauona mlima bila kuinama, na foleni ya Kijenge inakuwa matembezi. Kwa nchi yenye matuta mengi kuliko vituo vya mafuta, mwenye kupee amelipia kitu ambacho hataruhusiwa kukitumia.

Lipo la viti pia. Roadster lina viti viwili, basi. 86 ina viti vinne kwenye kadi ya gari, lakini vile vya nyuma anakaa mtoto au begi. Shida ni kwamba ndugu zako hawasomi vipimo, wanaona kiti. Siku ya msiba wa Usa River utaambiwa ubebe shangazi wawili, nami nitakuwa mmoja wao, na nina magoti. Mwenye viti viwili anasamehewa kabla hajaombwa.

Lakini ujue gharama ya kukaa wazi. Leo wenye vioo vyeusi wanapita Sanawari hawamjui mtu. Wewe utaonekana kuanzia nywele mpaka mkufu. Mwenye nyumba atakuona, mwalimu wako wa kipaimara atakuona, na unayemdai naye atakuona, akuulize mbona unamsumbua kwa laki moja wakati unaendesha gari lisilo na kichwa. Utasalimia mpaka mkono uchoke. Kama huwezi, chukua kupee, weka vioo vyeusi, uishi peke yako.

Mimi nasema Roadster. Lile la paa gumu linalojikunja lenyewe, lilikuja mwaka 2006, linafaa kuliko la kitambaa, kwa sababu kitambaa jua letu linakipasua na wembe wa kibaka unakimaliza. Jumamosi ya Januari, ukishalipa ada, toka alfajiri kupitia Kisongo, nyoosha Makuyuni, kunja kulia. Ni lami mpaka geti la Ngorongoro, na ule mpando wa kona baada ya Mto wa Mbu, ziwa Manyara likiwa chini yako, ndio utakaokufanya unikumbuke kwa dua. Paa lifunge kabla hujafika Mto wa Mbu. Nyani wa pale hawaombi lifti, wanaingia.

*Shangazi, mimi ni dereva wa watalii, Sakina. Jirani yangu amenunua BMW Z4 na kila asubuhi analifungua paa mbele ya familia yangu. Mke wangu ameanza kusifia. Nina Land Cruiser, nayo paa linanyanyuka. Si ni kitu kilekile? — Mnyonge wa Sakina*

Unyonge uko wapi hapo, baba? Wewe una paa linalofunguka, viti saba, friji ya vinywaji na simba wa kuangalia. Hollywood ilipokuja kwetu kupiga *Hatari!*, sinema iliyotoka 1962, haikumpandisha John Wayne kwenye gari la spoti. Ilimkalisha kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya gari la kukamatia wanyama, amefungwa mkanda, vifaru mbele yake. Siku huna wageni, mpeleke mama watoto Momella, nyanyua paa, mwache asimame kitini kama Mzungu. Msipitie kwa jirani.

*Wewe Shangazi, kwa umri wangu wewe ni binti yangu. Mwanangu wa mwisho alikuja Krismasi kutoka Dar na gari la kukunja paa. Mvua ilikuwa imenyesha, huku kwetu Akheri likashindwa kupanda. Vijana wakalisukuma mpaka uwanjani kwangu, yeye akarudi na basi. Sasa kuku wanataga ndani na ndama analamba rangi. Nifanyeje? — Mzee wa Migombani*

Shikamoo mzee wangu. Ndama anafuata chumvi, gari limekaa pwani. Mnunulie jiwe la kulamba, ataliacha. Waya wa betri uchomolewe. Paa lisikunjwe likiwa bichi, litaota ukungu. Mayai ni yako, uwanja ni wako. Mtoto akipiga simu kuulizia gari lake, mwambie halina neno, linataga.