Pazia Lisilo na Risiti

Kufanyia kazi nyumbani ni raha tupu, mradi nyumba yenyewe isiwe Makina. Mimi naishi huko, upande wa Kibera unaopakana na Soko la Toi, na dirisha langu linatazama vibanda. Wauzaji wa mitumba huanza kunadi mapema, kwa sauti ambazo hazijawahi kuhitaji kipaza sauti. Wakati mmoja meneja wetu alikuwa akitueleza mkutanoni jinsi mwaka utakavyokuwa mgumu kwa kampuni, nami nikawasha maikrofoni niulize swali. Kabla sijatamka neno, ikaingia sauti nzito kutoka nje: "Hamsini, hamsini! Mwenye mali amechoka!" Meneja alinyamaza, akakohoa, akasema kuanzia hapo wenye maswali wayaandike.

Haikupita muda ikaja barua pepe yenye sera mpya. Kila anayefanyia kazi nyumbani angerudishiwa gharama za kutengeneza ofisi yake: samani, umeme, intaneti, na "kifaa chochote cha kutuliza mazingira ya kazi." Hicho cha mwisho nilijua kimeandikwa kwa ajili yangu. Nikavaa viatu, nikateremka sokoni.

Toi mtu hauzi pazia tu, huuza na cheo chake. Beli likifunguliwa, nguo nzuri huchaguliwa kwanza, nazo huitwa kamera. Zinazobaki chini baada ya kila mtu kupita ni fagia. Mama ninayenunua kwake alinivutia pazia la kamera hasa: zito, la rangi ya kahawia, bitana nene nyuma, ndoano za plastiki bado zimo kwenye marinda, na upande mmoja limepauka kidogo kwa jua la nchi nisiyoijua. Akalining'iniza kati yetu, akasema kitu kwa upande wa pili, kisha akachungulia.

"Umesikia nilivyosema?"

"La."

"Nimesema ni elfu moja mia tano."

Tukaelewana kwa mia tisa. Tili yake ya M-Pesa ilikuwa na shida siku hiyo, kwa hiyo nikalipia kwa tili ya kinyozi wa kibanda cha pili, naye kinyozi akamkabidhi Mama noti papo hapo. Hapakuwa na karatasi, wala hakuna aliyeiulizia.

Meza nilitengenezewa na fundi wa Kawangware, ikaja kwa mkokoteni hadi mlangoni. Umeme wa ploti yetu unatoka kwenye mita moja, tokeni tunachangia, na mpangaji mmoja ana saluni. Intaneti nanunua kwa vocha kwa kijana wa ghorofa ya juu. Yote hayo niliyajaza kwenye fomu kwa mwandiko mzuri, nikaambatisha ujumbe wa M-Pesa, nikatuma.

Mhasibu wetu ni mtu mstaarabu, asiyepandisha sauti hata kwa herufi kubwa. Alijibu kifungu kwa kifungu. Umeme: nieleze ni sehemu gani ya tokeni iliyotumiwa na kampuni na ni ipi iliyokausha nywele za watu. Mkokoteni: niandike nambari ya usajili ya gari. Pazia: ofisi hailipii mapambo ya nyumba. Na juu ya ujumbe wa M-Pesa alitaka kujua, kwa heshima zote, kwa nini kampuni igharamie kinyozi ilhali anavyonijua yeye mimi nina upara.

Nikampigia simu. La upara tulilimaliza haraka. Mengine akanieleza taratibu, na nikiri kwamba alikuwa na sheria mkononi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kuanzia tarehe 1 Januari 2024, kampuni ikitaka gharama zake zitambuliwe inapokokotolewa kodi, nyingi kati ya hizo lazima ziwe na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato. Gharama isiyo na ankara hiyo huhesabiwa kama faida, na faida ya kampuni hutozwa asilimia 30.

"Kwa hiyo pazia lako la mia tisa," akasema, "kwetu ni 1,170. Ungenunua lingine lenye risiti, hata la elfu saba, ningelipitisha leo."

Nikakata simu, nikachukua kikokotoo. Pazia la elfu saba lenye risiti linaipunguzia kampuni kodi ya 2,100, kwa hiyo linaigharimu 4,900. Langu, pamoja na adhabu yake yote ya kukosa karatasi, ni 1,170. Nilikuwa nimeiokolea kampuni zaidi ya elfu tatu na mia saba katika mwaka ulioelezwa kuwa mgumu. Nikamwandikia hesabu hiyo mstari kwa mstari. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: "Hesabu ni sahihi. Risiti haipo."

Lakini kama nilivyosema, ni mstaarabu. Chini ya barua akaniongezea njia. Mwenye kibanda anaweza kutoa ankara mwenyewe hata kwa simu ya mulika mwizi, kupitia *222#. Akishindwa, sheria ya kodi ilibadilishwa mwishoni mwa 2024: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, mnunuzi anaruhusiwa kumwandikia ankara kwa niaba yake. "Mwombe tu PIN yake," akaandika.

Mtu aliyeandika maneno hayo hajawahi kusimama Toi saa tano asubuhi.

"Mama," nikasema, "naomba PIN yako."

Mama alikuwa akikunja shuka. Akaacha kukunja. Akalisogeza pochi la kiunoni kutoka ubavuni hadi tumboni.

"Ati unataka nini?"

"PIN. Nikuandikie risiti kwa niaba yako."

"Kinyozi!" akaita bila kuniondolea macho. "Kuja uone. Siku hizi wanakuja na shati safi."

Nikaharakisha kueleza kwamba sikutaka ile ya M-Pesa. Nilitaka ya KRA. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kinyozi alizima mashine huku kichwa cha mteja kikiwa nusu. Muuza viatu aliye mkabala akatandaza turubai juu ya mali yake kama mtu aliyeona wingu. Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu koti alilivua, akalirudisha, akaondoka bila kuaga.

Ilinichukua muda kuituliza safu. Nikaeleza sera, ankara, asilimia 30, na mhasibu. Mama alisikiliza yote, mkono mmoja bado uko juu ya pochi.

"Hebu nielewe," akasema. "Wewe ndiye umenunua. Wewe ndiye utaandika risiti. Mimi hata sitakuwepo. Na wakubwa wako wataamini?"

"Wataamini."

"Na mimi nikiwaambia kwa mdomo nimeuza pazia, hawataamini."

"Hawataamini."

Akatikisa kichwa, akanitazama kuanzia upara hadi viatu. "Hawa watu wanakuwekea shilingi ngapi, kijana wangu?"

"Mia tisa."

Akafungua pochi, akatoa mia mbili, akanibandika kiganjani. "Shika hii kwanza. Hiyo nyingine endelea kuwaomba pole pole. Usigombane na watu kazini."

Kwa hiyo wa kwanza kunirudishia gharama za ofisi alikuwa muuza mitumba. Niliporipoti kwamba dai sasa ni mia saba, mhasibu alishukuru kwa uaminifu wangu, kisha akataka hati ya kuthibitisha punguzo la mia mbili, nayo ipitie eTIMS. Pia alinikumbusha kwamba kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5. Nilipomfikishia Mama habari hiyo alicheka hadi akaketi. Daftari lake la kwanza liliteketea pamoja na soko zima katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Soko likawaka tena 2019. Anayemdai na anayedaiwa naye wote amewahifadhi kichwani, akasema, maana kichwa ndicho kitu anachokimbia nacho. Alinitajia hapo hapo wateja wa msimu uliopita, rangi za mapazia yao na salio la kila mmoja. Ukaguzi wa namna hiyo kampuni yetu ingelipia wakaguzi wa nje.

Pazia lenyewe linafanya kazi. Mikutanoni sasa nasikika mimi peke yangu, na meneja ameanza kuniuliza maswali, jambo ambalo sera haikunionya. Mhasibu naye alilisifu. Ijumaa hufanyia kazi nyumbani kwake, chini kuna kituo cha matatu, na makondakta hawamwachi amalize sentensi. Akaniuliza, kwa barua pepe ya binafsi, hilo pazia lilitoka kibanda gani hasa.

Jumamosi nikampeleka. Mama alimvutia la kamera, akalining'iniza, akasema kitu kwa upande wa pili. Mhasibu hakusikia. Akalipa 1,500 taslimu bila kubishana, akaambiwa karibu tena.

"Risiti je?" nikamnong'oneza.

"Ya nini? Dai langu litakuja mezani kwangu, na mimi nitalikataa." Akalitia pazia kwapani, akamgeukia Mama kuuliza kama analo la samawati, la chumbani.