Embe Bure, Moto kwa Pesa

Msimu wa maembe ukifika hapa Mutomo, mgeni mwangalie mikono kabla ya kumkaribisha. Jirani anakuja na ndoo, shemeji anakuja na ndoo, hata aliyekuja kudai deni lake anaanza kwa kutua ndoo mlangoni. Ukikataa, umetukana. Ukikubali, utakula embe asubuhi na mchana, na jioni utafukuza nzi. Broka akija na pikapu yake anachagua ya apple na Kent kwa bei ya kuokota, ya kienyeji hata hayagusi. Wenzetu wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi, wana kiwanda cha kaunti pale Kalamba kinachosaga maembe kuwa rojo. Kwetu kiwanda ni meno.

Ndipo mpwa wangu akashuka kwenye matatu ya Nairobi na chungu cha chuma. Usidhani ni sufuria. Chuma kinene cha kusubu, miguu mitatu, kifuniko chenye ukingo wa kuzuia makaa yasimwagike, na uzito uliomfanya mwenye boda adai nauli ya abiria wawili.

"Mjomba, leo tunapika kobla," akasema. "Ni rahisi sana."

Kobla, nikaelezwa, ni matunda yaliyokatwakatwa na kutiwa sukari, yakalazwa chini ya chungu, kisha yakafunikwa kwa unga wa ngano uliochanganywa na siagi na maziwa. Wamarekani wa karne ya 19 walipika hivyo wakihamia magharibi na magari ya kukokotwa na ng'ombe, maana oveni haikuwepo njiani. Sawa. Wao walikuwa safarini. Mimi niko kwangu.

Mwaitu, yaani mama yangu, aliyekuwa kivulini akipepeta mahindi yake ya muthokoi, aliuliza swali moja tu: "Kwani embe limekosa nini hata lichomwe?" Mpaka leo hajajibiwa. Na alipoona kikombe cha sukari kikimiminwa juu ya embe lililoivia mtini kwenye jua letu hili, aligeuza kigoda akatupa mgongo.

Tukafika kwenye moto. Chungu cha inchi 12, kwa mujibu wa simu ya mpwa wangu, kinataka makaa 24: 16 juu ya kifuniko, 8 chini. Chini kuna sukari, moto ukizidi inaungua. Juu ndiko unga unakotaka kuiva na kupata rangi. Hapo sina ugomvi. Pwani wamepalia makaa juu ya mkate wa kumimina tangu enzi za mababu, na hapa kwetu keki ngapi zimeiva ndani ya sufuria iliyotandikwa mchanga, moto juu na chini? Ugomvi wangu ni kuhesabu. Makaa ya hao wenye simu yametoka kiwandani, kila moja sawa na mwenziwe. Ya Mutomo yametoka kwenye mgunga. Moja linajaza kiganja, jingine linapenya katikati ya vidole. Nihesabu nini? Mpwa wangu akachukua nyundo akaanza kuyavunja yalingane, na kila pigo nikasikia shilingi zangu zikigeuka vumbi.

Maana makaa si embe. Hajazaliwa jirani wa kukuletea ndoo ya makaa. Na hapa ndipo Kitui, ambako malori yalikuwa yakisomba magunia kwenda Nairobi hadi mapema mwaka 2018, gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipopiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti. Ungedhani sisi tulioachiwa wachomaji na miti yao tungeuziwa kwa bei ya embe. Thubutu! Kwa pesa ya mkebe mmoja wa makaa ningenunua maembe ya kuoka mwezi mzima, kama kuna mtu hapa anayenunua maembe.

Tena mkebe mmoja haukutosha. Chuma kinene hakina haraka; kwanza kinashiba chenyewe. Halafu upepo wa mchana ukavamia upande mmoja, makaa ya huko yakaisha mbio huku ya upande wa pili yakisinzia. Dawa yake, simu ikasema, ni kuzungusha: kila baada ya dakika 15 chungu robo kulia, kifuniko robo kushoto. Mzee mzima, koleo mkononi, nazungusha kifuniko mbele ya watu waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji.

Nikiwa kazini hapo nikasomewa historia, kwamba Mwingereza Abraham Darby alipata hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu ya mchanga. Mchanga! Kitui tunao hadi tunaibiwa usiku mitoni. Vyungu ndivyo hatuna.

Ilikuwa tamu. Sitasema zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba embe la kienyeji likiokwa linabaki na nyuzi zake zote za kushonea gunia, na kwamba Mwaitu alirudisha kigoda alipokuwa, akala mara mbili bila kuondoa swali lake. Baadaye nikakatazwa kuosha chungu kwa sabuni, eti kitapoteza mafuta, na kwa maji ya kisima, eti chumvi yake italeta kutu. Kwa hiyo kinapanguswa kwa mafuta ya kupikia, ambayo pia hayaoti mtini.

Harufu nayo haikukaa ndani ya ua. Majirani walikuja, wakaonja, wakalamba vijiko. Kesho yake asubuhi, kabla sijanawa uso, walikuwa wamepanga ndoo nne za maembe langoni na kuuliza tunaoka saa ngapi. Nilizikagua zote hadi chini. Hakuna aliyeweka hata kaa moja.