Kitambaa Kirudi Kwenye Kochi

Jumamosi moja niliitwa na mama jirani hapa Ngoingwa, Thika, mitaa ya ndani ukishaacha barabara ya Mang'u. Wiki hiyo alikuwa ameipigia simu kampuni yake ya intaneti mara tatu, na kila mara akaambiwa azime ruta, ahesabu hadi 30, aiwashe tena. "Mwanangu, nimeizima na kuiwasha mpaka swichi imelegea," akaniambia. Kijana wake wa chuo alikuwa amesimama kwenye korido, kishikwambi amekiinua juu ya kichwa kama anayetafuta mahali pa kutundika picha. Chumbani kwake somo lilikuwa halifunguki.

Nikauliza ruta iko wapi. Ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa ya kabati, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikaipapasa: moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mama alikuwa na sababu yake, hakutaka vumbi liingie kwenye kitu anachokilipia kila mwezi. Nia njema kabisa. Lakini mwalimu ukimfungia stoo na kumfunika blanketi, usishangae darasa likifeli.

Kwa hiyo mwongozo wangu unaanza hapo: kitambaa kirudi kwenye kochi. Ruta ikae wazi, ipate hewa, iinuliwe usawa wa kichwa cha mtu mzima, karibu na katikati ya nyumba. Saa ya ukutani tunaitundika kila mtu aione. Ruta ipewe heshima hiyo hiyo. Televisheni ina chuma ndani yake, na chuma huyarudisha mawimbi ya waifai yalikotoka. Maji nayo huyameza, ndiyo maana chumba kilicho nyuma ya tangi hupata taabu, na sisi wa Thika matangi hayatuishi.

Wengi huniambia ruta haiwezi kuhama kwa sababu waya ni mfupi. Basi ongea na fundi siku ile ile anayokuja kuunganisha, kabla hajapiga msumari wa kwanza. Na waya huo wa faiba usiukunje kama wa pasi, ndani yake mna uzi wa kioo. Ukiona taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, ujue mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Hapo hata ukizima na kuwasha hadi asubuhi, ni fundi tu atakayekusaidia.

Sasa pima. Hapa nasema kwa sauti, maana tunafoka kwanza na kuchunguza baadaye. Waombe wenzako waache kutumia intaneti dakika tano. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, fungua kipimo cha kasi kwenye simu, uandike namba. Kisha nenda chumbani, funga mlango, upime tena kwa simu ile ile. Kwa yule mama, kando ya ruta tulipata karibu kifurushi chote anacholipia. Kwenye kitanda cha kijana hatukufikisha hata sehemu ya kumi. Intaneti ilikuwa imefika nyumbani salama, ikapotelea njiani kwenda chumbani.

Hiyo namba nayo isomwe vizuri. Kifurushi cha 10 ni megabiti 10 kwa sekunde, wala si megabaiti 10. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo filamu ya gigabaiti 1 itakuchukua kama dakika 13 hata kila kitu kikiwa sawa. Nimeona watu wakigombana na wahudumu wa simu kwa kutojua hesabu hii ndogo.

Mwizi mkubwa wa kasi katika nyumba zetu ni ukuta. Hapa tunajenga kwa mawe ya Ndarugu, yale yanayokatwa kwa mashine huko upande wa Juja, yenye unene wa inchi 6 au 9, kisha tunapiga plasta juu yake. Ni nyumba imara, zitawafaa wajukuu. Lakini wimbi likishavuka kuta mbili za namna hiyo linafika limechoka. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5. Ule wa 5 una mbio lakini ukuta wa mawe huuweza. Wa 2.4 hupenya mbali zaidi, ila ni wa polepole, na unabanwa na kila mtu: ruta za majirani, hata maikrowevu ikipasha githeri. Basi sebuleni tumia wa 5, chumba cha mwisho tumia wa 2.4. Jina la mtandao likimalizikia na 5G usidhani ni ile 5G ya mnara wa simu. Ni hiyo gigahezi 5 tu.

Wanaoishi kwenye maghorofa wana tatizo la ziada. Kwenye masafa ya 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ruta ishirini za ploti moja zikigombania chaneli hizo, ni kama stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uchague ile yenye watu wachache. Na nywila isiwe namba ya nyumba yako, kila mtoto wa ploti anaijua.

Ukinunua kifaa cha kurudia mawimbi, usikiweke kwenye chumba chenye shida, kitarudia ile shida. Kiweke katikati ya safari. Dawa hasa ya mawe ni kuvuta waya wa mtandao mpaka chumbani na kufunga kituo cha pili cha waifai huko. Ni kazi ya siku moja, na kelele zitaisha.

Mwisho nikashika kile kishikwambi. Kilikuwa cha zamani, kinajua 2.4 peke yake. Kilikuwa kwenye hali ya kuokoa betri, hifadhi imejaa, na chinichini kilikuwa kikipandisha mamia ya picha kwenda kwenye akaunti ya mtandaoni. Upandishaji wa picha ukijaza njia ya kwenda nje, hata ukurasa mdogo hukwama, kwa kuwa ombi lako linapanga foleni nyuma ya picha za harusi. Tuliusimamisha ufanyike usiku, tukafuta video za zamani, tukakifanya kisahau mtandao kisha tukakiunganisha upya. Somo likafunguka.

Kuna siku kosa huwa mbali kweli. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ikakokota. Siku kama hiyo mtaa wote hulia pamoja. Ukilia peke yako, anza kutafuta ndani ya nyumba.

Na ukipima kando ya ruta, asubuhi, mchana na jioni, na kasi ikawa ndogo mara zote, hapo una kesi. Andika tarehe, saa na namba ulizopata, upeleke kwa kampuni kwa maandishi, udai namba ya malalamiko. Wakikupuuza, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Hela ya intaneti ni ya jasho, usiiachie. Ila jioni hii, kabla ya kupiga simu yoyote, nenda uangalie nyuma ya televisheni.