Wati Elfu Tano za Kariakoo

Katika bendi ya dansi, mtu pekee asiyelisikia gitaa ni yule anayelipiga. Wanaocheza wanalisikia. Walioketi kwenye kona na chupa zao wanalisikia. Jirani wa ukumbi, yule anayetupeleka serikali ya mtaa kila mwezi, analisikia vizuri kiasi cha kujua noti ipi nimeiruka. Mimi niliyepangwa mbele ya ngoma nasikia matoazi, kisha matoazi, kisha bezi ikivuma tumboni.

Spika kubwa zimewageukia wateja, ndiyo sababu. Sauti nene husambaa pande zote, hata nyuma ya spika tulikosimama sisi, lakini sauti nyembamba huenda mbele moja kwa moja na kuwafikia waliolipa kiingilio. Sisi tunaolipwa tunabaki na mvumo.

Kazi ya monita, spika inayotugeukia sisi, ni kuturudishia sauti hiyo. Bendi yetu inayo moja, na ni ya mwimbaji. Haikuandikwa popote kwamba ni yake, lakini jaribu kuisogeza uone. Nikimwashiria fundi mitambo aniongezee gitaa humo, ananyanyua dole gumba, anagusa kitufe ambacho nina hakika hakijaunganishwa na chochote, kisha ananiuliza kwa nyusi kama sasa niko sawa. Nami, kwa heshima ya mkate wangu, namjibu kwa dole gumba.

Siku akiongeza kweli, maiki inapiga yowe. Sauti inatoka kwenye monita, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, inaingia tena, mpaka wazee wanaziba masikio. Wenzetu wa Kongo huliita yowe hilo larsen, kwa jina la Søren Larsen, mwanasayansi wa Denmark. Na usidhani gitaa halimo katika uhalifu huu: likiwa na kisanduku chenye uwazi, spika ikililia karibu, nyuzi na mbao zinaanza kutetemeka zenyewe bila kuguswa.

Vijana wataniambia hiyo ni sanaa. Kwamba The Beatles waliufungua wimbo wao “I Feel Fine” mwaka 1964 kwa mlio wa namna hiyo, na kwamba Jimi Hendrix pale Monterey mwaka 1967 alilifanya gitaa lilie, kisha akalichoma moto. Sawa. Hendrix hakuwa anapiga harusi ya Mbagala, na mama wa bibi harusi hakuketishwa mita mbili kutoka kwenye spika yake akiwa na kitenge kipya na mdomo mkali.

Basi nikaamua kununua monita yangu mwenyewe, yenye amplifaya ndani, nisimwombe mtu. Nikaenda Kariakoo.

“Shikamoo mzee. Hii hapa, wati elfu tano.”

Kijana aliinyanyua hiyo wati elfu tano kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa bado na simu sikioni. Ilikuwa na taa za rangi saba, redio, remoti, na uwezo wa kupokea muziki wa simu bila waya. Tundu la kenoni la pini tatu, ambalo ndilo ningelitumia kuunganisha na mikisa, haikuwa nalo. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo: volti 230, wati 120.

“Kijana, inakula wati 120. Hizi elfu nne mia nane na themanini nyingine zinatoka wapi?”

“Hizo ziko kwa ndani, mzee.”

Nisimwonee. Kibandiko hakisemi yote, maana muziki hupanda na kushuka na amplifaya haili umeme kwa kiwango kimoja. Lakini hakuna chombo duniani kinachotoa kwa mfululizo zaidi ya kinachokula. Kingekuwepo tungekiunganisha na gridi ya taifa. Nambari zile kubwa za kwenye boksi ama ni za piki, yaani mshindo wa kufumba na kufumbua, ama ni za PMPO, ambazo hazina kanuni yoyote inayokubalika ya kuzipima. Unaloweza kuuliza bila aibu ni wati za RMS, yaani zile za mfululizo. Ukiliuliza, utaona muuzaji anavyoanza kumtafuta bosi wake.

Na hata wati zikiwa za kweli, zinauzwa kama mchele, kana kwamba mara mbili ya kilo ni mara mbili ya shibe. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takribani wati mara kumi. Kumbe ukiisogeza spika kutoka mita mbili hadi mita moja, mahali pa wazi unapata desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Kusogeza ni bure. Ndiyo maana hakuna duka linalouza kusogeza.

Duka la pili walitaka nichukue ya inchi 15. Kwa nini? “Ndiyo heshima, mzee.” Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida, ule wa E, unalia kwenye hezi 82 hivi, na spika ya inchi 10 au 12 iliyotengenezwa vizuri inafika huko bila jasho. Wa bezi ndio wenye hezi 41. Wao wabebe heshima hiyo. Mimi natoka ukumbini saa tisa usiku kwa bodaboda, gitaa mgongoni, na mwenye boda ameshaniangalia vibaya kabla sijataja mzigo mwingine.

Duka la tatu walikuwa na kitu cha maana, ila boksi lake limesimama wima. Boksi wima ukiliweka sakafuni linapigia magoti. Magoti yangu yamesikiliza dansi miaka mingi na hayajawahi kunisaidia kushika noti. Monita ya jukwaani inatakiwa iwe na ubavu uliokatwa mshazari, uilaze, nayo ikutazame usoni.

Nilipoomba kuijaribu, wakaniwekea wimbo kutoka kwenye simu. Kila spika ni nzuri ikiwekewa wimbo uliorekodiwa studio. Mimi nilikuja na gitaa. Gitaa la umeme likichomekwa moja kwa moja kwenye spika ya aina hii huwa kali na kavu, kwa sababu spika za amplifaya za gitaa hukata sauti nyembamba za juu, ilhali hii ina twita inayotoa kila kitu, hata makosa. Inabidi katikati uweke pedali inayoiga amplifaya na kabati lake, na bei yake uihesabu mapema. Muuzaji hatakukumbusha, na nyumbani hawatasahau.

Nikanunua ya inchi 10, ya mshazari, yenye kenoni ya kuingilia na ya kutokea, na wati za RMS ambazo sizitaji kwa kuwa watu wa bendi wangecheka. Ninaiweka karibu na miguu yangu, nyuma ya maiki ninayoitikia. Maiki nyingi za kuimbia hazisikii vizuri kutoka nyuma, hivyo hapo ndipo pa kuielekezea monita. Zile za supakadioidi ndizo zenye uziwi wake ubavuni kwa nyuma, kwenye nyuzi 125 hivi, kwa hiyo monita inakaa pembeni kidogo. Nimemweleza fundi mitambo. Akanyanyua dole gumba.

Kilichobaki ni siasa. Kila maiki zilizowashwa zikiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 kabla ya yowe. Sisi tunayo maiki ya mnenguaji ambaye hajawahi kuimba hata kiitikio. Kazi yake ni kusema “haya haya haya” wimbo ukikolea. Nimeomba izimwe. Nimeambiwa ana shabiki zake.

Kwa hiyo ewe mpiga gitaa mwenye bajeti ya kubana: nenda dukani na gitaa lako na waya wake, geuza boksi usome nyuma kabla ya kusoma mbele, na wakikataa kuiwasha, ondoka na hela yako. Na yule aliyenipigia simu kuhusu kipaimara cha Jumamosi, jibu ni lile lile: monita haiazimwi.