Shikamoo, Mzee wa Mezani

Watu wakisifu kompyuta siku hizi hutaja kasi tu, kana kwamba kuna anayewakimbiza. Mimi namsifu asiyemkimbiza mtu. Yuko juu ya meza, sebuleni, hapa Shelly Beach, Likoni: Dell OptiPlex 780, toleo la mwaka 2009. Ujana wake aliumaliza katika ofisi ya watu huko Uingereza. Walipomchoka walimtia kwenye kontena pamoja na wenzake, akateremshwa bandarini Kilindini, akapewa cheo cha Ex-UK, ambacho kwetu humwongezea mtu bei. Ubavuni bado ana kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ile. Kibodi yake imefutika herufi nne tu, W, A, S na D, na hapo ndipo utakapojua kwamba shughuli zake za uzeeni si kuandika barua.

Msione ajabu. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata alikaa kitako akaandika kumsifu nzi, na watu wanamsoma mpaka leo. Nzi hana hata feni.

Sifa ya kwanza ya mzee wangu ni utulivu. Mashine mpya hukurukia usoni kabla hujaketi vizuri. Mzee huyu ukibonyeza swichi yake wakati meli ya makontena inajitokeza mbele ya Shelly, una nafasi ya kutoka barazani, kuitazama ikikata kona kuelekea ferini, kubishana na jirani inatoka wapi, na kurudi ndani ukakuta kile kiduara bado kinazunguka. Watoto wa nyumba hii wanazijua kampuni za meli kwa rangi zake. Hakuna shule iliyowafundisha.

Halafu hapendi kusemeshwa na watu wengi kwa pamoja. Ukitaka akuchezeshe geimu, wanyamazishe wengine kwanza: kivinjari chenye kurasa kumi wazi, programu ya kuzuia virusi iliyoamua kukagua diski saa ileile, masasisho yanayojipakua chinichini, na vijiprogramu vinavyojiwasha bila kualikwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utawaona wote walioketi kwenye jamvi lake wakila memori yake. Watoe mmojammoja. Kwenye mipangilio ya umeme mruhusu atumie nguvu zote alizonazo, asijibanebane. Mwenye leptopu mpya hajui adabu hizi, na ndiyo sababu hata mlango wa watu akitoka haufungi.

Kadi ya grafiksi hana. Ana kichipu cha Intel, GMA 4500, kisicho na memori yake mwenyewe hata chembe. Hukopa kwenye RAM ya nyumba, na kila mwenye ndugu wa namna hiyo anajua mambo yanavyokuwa mwisho wa mwezi. Dawa ni kumtilia RAM mbili za ukubwa mmoja katika nafasi zinazolingana, badala ya moja peke yake, ili mkopo upite njia mbili. Dawa nyingine ni kupunguza tamaa. Skrini ya 1366 kwa 768 inamdai achore nukta 1,049,088 kwa kila fremu. Ukimshusha hadi 800 kwa 600 zinabaki nukta 480,000, chini ya nusu. Picha inaingia ukungu kidogo, na ukungu huo nausifu, kwa kuwa nyuso za wachezaji zinafanana na hakuna wa kusema timu yake imependelewa. Toa majani, toa mng'aro wa maji. Toa vivuli pia. Anayedai vivuli aje Likoni saa sita mchana anionyeshe chake kiko wapi. Mashabiki uwanjani waache wawe bapa; wamekuja kutazama mpira, hawakuja kutazamwa.

Lakini hekima yake hasa utaiona kwenye geimu ya mpira, PES 2013. Mashine ikishindwa kuchora fremu za kutosha, geimu hii hairukiruki. Hupunguza mwendo, na saa ya mchezo ikapunguza nayo. Fremu zikiwa nusu, mechi ya dakika kumi huchukua ishirini. Kona inapigwa, mpira unapanda, na huku chini mabeki wana muda wa kushauriana.

"Mjomba, yaenda polepole!"

"Haiendi polepole. Wewe ndiye una haraka."

"Na goli lile lilikuwa ofsaidi."

"Umeliona?"

"Kila mtu ameliona. Nafasi ya kuona ilikuwepo."

Ulaya wamejaza kamera na wanaume wazima ndani ya chumba ili wapate huduma hii. Sisi tunaipata kwa prosesa ya Core 2 Duo.

Wala usidhani kasi haina madhara. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005, imewekewa kizuizi cha fremu na walioitunga. Ukikiondoa kwenye mashine yenye nguvu kupita kiasi, hesabu za geimu zinavurugika, na CJ, mhusika wake mkuu, akiingia majini hupiga mikono na miguu bila kusonga mbele. Yaani kompyuta ya kasi humfanya mtu ashindwe kuogelea. Kwa mzee wetu CJ anavuka bila taabu, tena akifika ng'ambo pumzi anayo.

Nije kwenye tumbo la mzee, maana hapo ndipo penye utajiri. Fungua ubavu wa CPU iliyokaa Shelly msimu mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi. Feni imevaa vumbi lililoshikana na chumvi ya bahari mpaka mbawa zimenenepa. Skrubu zina kutu. Kwenye kona ya pawasaplai kuna mayai mawili ya mjusi kafiri, meupe, yamegandamana na bati kwa ustadi ambao fundi wa gundi angeuonea wivu. Mjusi ana akili: amechagua chumba chenye joto la kudumu, kisicho na paka, na bili ya umeme analipa mwingine. Kompyuta zenu nyembamba zinaweza kumlea nani?

Joto hilo lakini ndilo linalomchosha mzee. Prosesa yake, E8400 ya gigahezi 3.0, ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue, kwa hiyo mengi ya yale watu wanayoyaita uzee ni uchafu tu. Chukua brashi mpya ya rangi. Zuia mbawa za feni kwa kijiti zisizunguke ovyo, kisha fagia taratibu kuelekea nje. Ng'oa kipoza joto. Ile dawa iliyo kati yake na prosesa utaikuta imekauka ikawa unga. Ifute yote kwa pamba na spiriti, tia mpya kiasi cha punje ya mchele, usiipake kama samli kwenye chapati. RAM nayo ichomoe, yale meno yake ya rangi ya dhahabu yasugue kwa kifutio cha penseli cha mtoto wa shule, irudishe mpaka isikike ikilia kak. Kwa gharama ya kifutio na tone la dawa, PES inapata fremu ambazo mtu angekwenda kukopa pesa kuzitafuta.

Adui yake mkubwa si bahari, ni mapenzi. Mama mwenye nyumba akimwona msafi hivyo humfunika kwa kitambaa cha kufuma, kilekile chenye maua kinachofunika redio, na matundu yote ya hewa yakazibwa kwa heshima. Ukimwambia mama akitoe, umemvunjia adabu. Ukikiacha, mzee anaanza kuhema. Mpaka sasa mapatano ni kwamba geimu ikichezwa kitambaa kinalala juu ya kiti, na wageni wakija kinarudi.

Siku ya kwenda kwa fundi mjini mzee hufungwa leso, akavushwa na feri akiwa mapajani, na abiria humpisha. Hapa Likoni hatuna ubavu wa kucheka vizee; MV Nyayo na MV Harambee zilianza kazi mwaka 1990, na waliozipanda wakienda shule wamezipanda tena wakipeleka watoto wao.

Dukani ndipo vishawishi vilipo. Watakuambia mnunulie kadi ya grafiksi. Sawa, lakini kasha lake kama ni lile jembamba linataka kadi fupi, na pawasaplai yake haina waya wa ziada wa kulisha kadi yenye njaa, kwa hiyo GT 1030, inayoridhika na wati 30 hivi, ni saizi yake. Hapo tena fumbua macho. GT 1030 ya mwaka 2017 ina memori ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine kwa jina lilelile yenye DDR4, na hiyo ni goigoi mno. Soma maandishi madogo kwenye boksi kabla mkono haujaingia mfukoni. SSD nayo watakusifia. Itamwasha upesi na kufungua geimu upesi, ila fremu uwanjani zitabaki zilezile, na habari za meli mtazikosa.

Hata kustaafishwa amekataa. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, mzee akaonekana hafai hata kupewa fomu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ikafungiwa matunzo ya kawaida. Yeye hakununa. Kwa geimu za zamani zisizohitaji intaneti anachomolewa waya wa mtandao na maisha yanaendelea. Kwa kazi za shule za watoto anawashiwa Linux Mint ya Xfce, nyepesi, isiyomuuliza umri. Na msemo kwamba amepitwa na wakati mimi siukubali: amezaliwa mwaka uleule, 2009, ambao kebo ya intaneti ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa kupitia chini ya bahari hii hii tunayoitazama. Hakuna anayemwambia mkonga huo ukapumzike.

Juzi alikuja jirani, yule mwenye leptopu mpya ya kung'aa, nyembamba hata haina pa kuingizia sahani. Mkononi alishika DVD ya harusi yake. Mkewe alitaka kuiona, shemeji wamekuja kutoka Msambweni, na nyumba nzima ya kisasa haikuwa na mdomo wa kuimeza. Mzee wetu mdomo anao. Ukibonyeza kitufe hutoka taratibu, unakwama kidogo, ukisukumwa kwa kidole unakubali.

Jirani akauliza kwa upole, "Yawezekana sasa hivi?"

Vijana wawili hawakuinua hata macho.

"Ngoja kidogo tu, ami," akasema mmoja. "Tumebakisha kipindi cha pili."