Ratiba Imejaa, Daftari Tupu
Mwanafunzi anayepelekwa visiwa vya Galápagos kwa ziara ya masomo hapati hata nafasi ya kujikuna: alfajiri kobe, mchana kupiga mbizi, usiku mhadhara, kesho boti inang'oa nanga kwenda kisiwa kingine. Watetezi husema nauli ni ghali, basi kila saa ilipe. Haya. Lakini Darwin alikaa huko wiki tano mwaka 1835, na bado ndege wake wengi wadogo hakuwaandikia wametoka kisiwa gani. Ikabidi ategemee vielelezo vya wenzake wa melini. Kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilitoka 1859, miaka 24 baadaye. Hawa wa leo wanadaiwa ripoti Jumatatu! Enyi waandaaji, futeni nusu ya ratiba, vijana wamtazame ndege mmoja hadi wamchoke.