Namna ya Kuwa "Hungry" Bila Kuwa "Angry": Mwongozo kwa Wagumu Wapya wa Geti la Umbwe

Umemaliza kidato cha nne, kahawa ya kihamba haitoshi tena kumlipia mdogo wako ada, na mjomba amekuombea nafasi ya upagazi kwenye msafara unaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe, hapo juu tu ya kwenu Kibosho. Hongera, sasa wewe ni mgumu, kama wapagazi tunavyoitwa. Getini watakupimia mzigo, usizidi kilo 20. Kiingereza hakipimwi, ndiyo maana kila mtu anapanda na cha kwake. Mwongozo huu utakuvusha kwenye maneno mawili tu: "hungry", yaani mwenye njaa, na "angry", yaani mwenye hasira.

Hatua ya 1: Mjue adui. Kiswahili kina irabu tano na zinatutosha. Waingereza wana irabu za kufungulia duka, na hiyo ya "hungry" na ile ya "angry" zikifika kwenye sikio letu zote zinakuwa a. Basi kilichobaki kuyatenganisha ni h peke yake, na h kwetu sisi watu wa bara ni herufi ya hiari. Usibishe. Fungua simu yako uone ulichomwandikia mjomba: "Hasante, amna shida." H uliyoing'oa kwenye "hamna" umeipachika kwenye "asante", hesabu ikalingana. Mjomba alikuelewa. Mgeni kutoka Ujerumani hatakuelewa.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi. Weka kiganja mbele ya mdomo. Sema "hungry": pumzi iguse kiganja. Sema "angry": isiguse. Rudia mpaka mama aulize kama una pumu. Zoezi hili lifanyie nyumbani, usilipeleke kwenye mbege, kwa sababu wazee watadhani unapuliza makapi ya ulezi kwenye kata na watakuachia iliyobaki.

Hatua ya 3: Usiulize kabla hujahitimu. Wasiohitimu hufanya hivi. Saa kumi jioni, kambini, kijana anaingia kwenye hema la chakula na bakuli la bisi na chupa ya chai. Anamkuta mama mmoja wa Kizungu amejiinamia. Kwa adabu zote alizofundishwa, anamuuliza kama yuko "angry". Mama anashtuka, ananyanyuka, anatabasamu kwa nguvu zake zote: hapana, hapana kabisa, kila mtu hapa ni mwema! Kijana anatoka na bisi zake, anamwambia mpishi, "Kasema hana." Mpishi anafunika sufuria ya supu. Wagumu wanagawana bisi, na kwa upande huo kosa lina faida.

Tatizo ni kwamba mlimani swali la njaa ni la kitabibu. Mtu akipanda juu haraka, kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni miongoni mwa dalili za mwanzo za ugonjwa wa mlima. Na njia ya Umbwe ndiyo kali kuliko zote: siku ya kwanza unalala msituni, ya pili uko Barranco, zaidi ya mita 3,900, mwili haujapata hata nafasi ya kuuliza kulikoni. Kule Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayopata kwa pumzi moja ni kama nusu ya anayopata mtu aliyekaa ufukweni Tanga. Kwa hiyo yule mama aliyesema hana hasira huenda pia hana hamu ya kula tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza. H moja ikidondoka hapo, kesho yake watu wanamshusha kwa machela.

Hatua ya 4: Usikimbilie ishara. Ulimi ukigoma, utashawishika kujishika tumbo na kukunja uso. Kwenye baridi ile, ishara hiyo ina maana nyingine, na mgeni mwenye huruma atakupa karatasi laini na kukuelekeza chooni.

Hatua ya 5: Kwa waliofuzu. Sasa uko tayari kwa "hat", "hut", "heart" na "hurt": kofia, kibanda, moyo, kuumia. Kwetu yote ni "hati" na mambo yanakwenda. Mgeni akikulalamikia "hati" yake, tumia jiografia. Vibanda vya kulala wageni viko njia ya Marangu: Mandara, Horombo na Kibo. Umbwe tunalala kwenye mahema, kwa hiyo ondoa kibanda. Zimebaki maana tatu. Tazama kichwani: kama kofia ipo, acha kuitafuta kofia na umwite kiongozi wa msafara, yule ambaye wenzako wanamwita "gaidi" bila polisi kushtuka.

Hatua ya 6: Jifunze kwa mgeni. Siku ya tatu, kijana wa Kizungu atasimama mbele ya jiko na kutangaza: "Mimi ni njaa!" Utasikia makofi. Mpishi atamwongezea chapati. Hakuna atakayemweleza kwamba amejitambulisha kuwa yeye ndiye njaa yenyewe. Wewe ukidondosha h yako, utaitwa "Angry" mpaka geti la Mweka na labda mpaka harusini kwako. Ila angalia vizuri wanaocheka. Mgeni hayumo. Ni sisi kwa sisi, watoto wa shule zilezile, tulioanza kufundishiwa masomo kwa Kiingereza sekondari na bado tunapima akili za wenzetu nacho.

Tahadhari ya mwisho. Ipo misafara ambamo tofauti ya maneno haya haina kazi. Ni ile ambayo mpagazi amepanda na mzigo tangu asubuhi, wageni wamekula aina tatu za mlo, naye anasubiri sufuria ambayo mpaka usiku haijainjikwa. Huyo hata akitamka kama mtangazaji wa redio ya London, yote mawili yatakuwa kweli kwa pamoja. Shirika la KPAP linatetea wapagazi wa mlima huu tangu 2003, na chakula bado kimo kwenye orodha ya madai, pamoja na ujira na mavazi ya baridi.

Kwa hiyo, viongozi wa misafara, mfundisheni kijana h yake, msimcheke. Lakini mpeni ugali kwanza.